Spana ya Miaka Sitini na Mbili

Saa mbili kasorobo asubuhi, Jumamosi. Geti la makumbusho ya ndege za kivita ya Scarby, mashariki mwa Uingereza, bado limefungwa kwa mnyororo. Ndani ya banda, Dawn Maltby amelala chali chini ya bawa, anabadilisha masinia ya kukingia oili. Masinia ni kumi na moja na yote yamejaa.

"Injini kuukuu isiyovuja ndiyo ya kuogopa," anasema huku akimimina oili nyeusi kwenye ndoo. "Maana yake imekauka."

Nje gari linapiga honi. Mara moja, kisha mara tatu mfululizo.

Dawn anatoka na tambara mkononi. Ng'ambo ya geti kuna gari la kijani, na mbele yake amesimama mzee aliyevaa tai shingoni na ndara za nyumbani miguuni. Nyuma yake mwanamke wa makamo anahangaika kumvalisha koti. Binti wa miaka kumi na minne ameegemea mlango wa gari, anatafuna mkate na kupiga miayo kwa zamu.

"Tunafungua saa nne, bata," Dawn anamwambia mzee. Huku Lincolnshire kila mtu huitwa bata kwa upendo, hata askari wa trafiki.

"Mmeshaiwasha?" anauliza mzee.

"Nini?"

"Hiyo Shackleton yenye herufi H. Mmeshaiwasha leo?"

"Bado. Saa nane mchana."

Mzee anashika vyuma vya geti kwa mikono yote miwili. "Basi nimewahi," anasema. "Msiiwashe, binti yangu. Kuna spana ndani ya bawa. Niliiacha mimi."

Ilikuwa tarehe 21 Juni mwaka huu, siku ambayo Dawn alikuwa ameingoja kwa miaka sita.

Ndege anayoihudumia, aina ya Shackleton, ilijengwa kwa doria za baharini. Ina injini nne, na kila injini ina mapangaboi mawili yanayozunguka kinyume, moja huku, jingine kule. Kwa sababu ya ile herufi ubavuni, watu wa Scarby huiita Hilda. Injini zake tatu zimekuwa zikiwashwa kila mwaka, familia zikisimama nyuma ya kamba na kuziba masikio. Ya nne, iliyo upande wa ncha ya bawa la kulia, ilikuwa imekufa tangu Hilda alipostaafishwa.

Dawn aliifungua injini hiyo nati kwa nati. Aliitafutia vipuri kwa barua, kwa simu na kwa kuomba. Mwezi wa Mei ikakohoa, ikatema moshi, ikanguruma kwa sekunde kumi na moja. Tarehe 21 Juni ndiyo ingekuwa mara ya kwanza kwa Hilda kunguruma kwa injini zote nne hapo Scarby. Tiketi mia tatu na arobaini zilikuwa zimekwisha.

"Nina miaka hamsini na tisa," anasema. "Magoti yangu yanajua idadi ya ngazi za ile ndege kuliko mimi. Nilijiambia, nizisikie zote nne kwa pamoja mara moja tu, halafu hata wakinipa ufagio nitafagia."

Dawn hakusomea ndege. Baba yake alikuwa kibarua wa mashamba ya viazisukari, na yeye alianza kazi akiwa na miaka kumi na saba kwenye karakana ya mashine za kuvunia viazi. Scarby alikuja mara ya kwanza kama mgeni, miaka kumi na minne iliyopita. Ilikuwa likizo, mvua inanyesha, watoto wake wawili wanagombana kwenye gari, na makumbusho ndiyo paa la karibu.

Watoto walipanda Hilda wakashuka na kinyesi cha njiwa kwenye nywele. Dawn alienda kwenye dirisha la tiketi akaomba ndoo na maji ya moto. Tangu siku hiyo hajaondoka. Leo ndiye fundi pekee anayelipwa pale, paundi kumi na tatu kwa saa, siku tatu kwa wiki. Wengine wote ni wastaafu wanaojitolea, na wanachopata ni chai na mkate wa zabibu wenye jibini.

Mume wake, Keith, anaendesha lori la viazisukari. "Nilioa mke mmoja," anasema, "nikapewa na mke mwenza mwenye mabawa."

Kitu ambacho mgeni hukiona kwanza kwenye karakana ya Dawn ni ubao. Umefunika ukuta mzima. Kila kifaa kina mahali pake, na nyuma ya kila kifaa umbo lake limepakwa rangi nyekundu. Spana ikiwa mahali pake, wekundu hauonekani. Ikikosekana, ukuta unakukodolea macho.

Sheria ni mbili. Ya kwanza, hakuna injini inayozungushwa kabla watu wawili hawajausoma ubao kwa sauti, kifaa kwa kifaa. Ya pili, anayechukua kifaa anasaini daftari, na aliyechukua ndiye anayerudisha. Huwezi kumrudishia mwenzako. Mwaka jana Trevor Sleight, mzee wa miaka sabini na moja anayejitolea pale, alienda na koleo nyumbani akiwa amelisahau mfukoni. Alikuwa ameshavaa nguo za kulalia Dawn alipompigia.

"Alinirudisha kilomita kumi na tisa kwa ajili ya koleo," anasema Trevor. "Nikamwambia, mama, kesho basi. Akaniuliza, 'Kesho ni rangi gani?' Maana ukutani palikuwa pekundu."

Ndiyo sababu asubuhi ile Dawn hakumcheka mzee wa getini. Alifungua mnyororo, akamwingiza karakanani, akampa kiti na chai.

Mzee anaitwa Wilf Garbutt, ana miaka themanini na moja, anatoka Redcar, kaskazini. Mwanamke aliye naye ni bintiye, Janine, na msichana ni mjukuu wake, Tabitha. Safari ilikuwa zawadi ya siku ya kuzaliwa. Janine alitaka kumshangaza baba yake, kwa hiyo hakumwambia wanakokwenda. Walilala kwenye nyumba ya wageni jirani, na alfajiri mzee alipoamka akaikuta karatasi ya makumbusho mezani, na picha ya ndege.

"Aliniamsha kwa kunivuta dole gumba la mguu," anasema Janine. "Hata viatu alikataa kuvaa."

Wilf aliuangalia ubao kwa muda mrefu. Kisha akaanza kusema, akiitazama chai yake.

Mwaka 1963 alikuwa fundi mwanafunzi wa miaka kumi na tisa kwenye kambi moja kaskazini mwa Scotland. Kila fundi alikuwa na sanduku la vifaa vyenye namba iliyogongwa kwenye chuma, na jioni sanduku lilihesabiwa. Siku moja ya baridi alikuwa akikaza nati nyuma ya injini namba tatu, ile ya ndani kwenye bawa la kulia, ya ndege hii hii. Spana ikamponyoka. Aliisikia ikiteleza ndani ya bawa, kisha kimya.

"Ningesema, ndege ingezuiliwa," alisema. "Siku mbili, labda tatu, bawa lote lifunguliwe, na wote wajue ni kwa ajili yangu. Nilikuwa na makosa mawili tayari mwezi ule."

Badala yake aliomba ruhusa ya kwenda mjini. Akanunua spana ya kufanana nayo dukani, akagonga namba kwa mkono wake, nne na moja, akaitia grisi iliyochakaa ili upya wake usionekane kati ya vifaa vingine. Jioni sajenti akahesabu. Sanduku lilikuwa kamili.

Ndege ile ilikuwa ikiruka na watu kumi, kwa muda wa saa kumi na mbili au zaidi juu ya bahari. Wilf alizoea kwenda kusimama kando ya njia ya ndege inaporudi. Aliwahesabu wanaposhuka. Alifanya hivyo kwa miaka miwili, mpaka alipoacha jeshi.

"Kumi wanakwenda, kumi wanarudi," alisema. "Wenzangu walidhani napenda sana ndege."

Janine alikuwa ameketi juu ya kopo la rangi. "Baba," alisema polepole. "Ndiyo maana hatukupanda ndege hata siku moja?"

Mzee alikoroga chai yake.

"Miaka kumi na nane ya likizo Scarborough! Mvua, upepo, mchanga kwenye samaki. Marafiki zangu wote wanakwenda Hispania, mimi nakwenda Scarborough!"

"Samaki wa Scarborough ni wazuri," alisema Wilf.

"Babu, wewe ni kichekesho," alisema Tabitha. Lakini alikuwa ameacha kutafuna, na mkono wake ulikuwa begani mwa mzee.

Baadaye, nilipomuuliza Wilf kama niiandike habari hii, alisema, "Nimeificha vya kutosha. Liandike jina langu lote."

Dawn alimuuliza jambo moja tu: alikuwa amesimama wapi ilipomponyoka? Mzee akaonyesha kwa kidole. Karibu na hapo hupita fimbo zinazoongoza mafuta ya injini. Kitu kigumu kikikwama kwenye fimbo hizo, injini inaweza kupanda kasi ikakataa kushuka, na watu mia tatu na arobaini wamesimama mbele yake.

Alijifuta mikono. "Sikiliza, Wilf," alimwambia. "Hilda hatazungusha hata pangaboi moja mpaka spana yako ipatikane na wewe mwenyewe uisaini hapa." Akaligonga daftari. "Aliyechukua ndiye anayerudisha."

Mzee alitoa leso, akalia bila sauti, akasema chai ina sukari nyingi.

Mwenyekiti wa makumbusho, Rodney Pask, alifika saa tatu. Ni mwalimu mkuu mstaafu, mtu mpole, na ndiye anayejua paa la banda linahitaji fedha kiasi gani kila mwaka. Dawn alimweleza.

"Miaka sitini na mbili imo humo," alisema Pask. "Imeruka nayo mpaka imestaafu. Sisi wenyewe tumewasha mara ngapi? Si itakaa saa moja zaidi?"

"Jana sikuijua, Rodney. Leo naijua."

"Basi washa mbili za kushoto."

"Mtikisiko hauchagui kushoto wala kulia."

"Dawn. Ni siku yako hii."

"Najua ni siku yangu."

Saa nane Pask alisimama juu ya kreti akawaomba radhi watu. Walirudishiwa fedha zao. Baba mmoja aliyekuja na wanawe watatu alipaza sauti kwamba huko ni kuwafanya watu wapumbavu. Dawn alikuwa chini ya bawa. Alisikia yote. Tayari alikuwa amefungua kifuniko cha kwanza.

Julai ikapita, Agosti ikapita, Hilda kimya. Kila siku ya kuwasha ilifutwa, na mapato ya kiangazi yakapungua mpaka kamati ikalazimika kupunguza siku za Dawn kutoka tatu hadi mbili. Pask ndiye aliyemwambia, na alimwambia huku amevua kofia. Dawn aliendelea kuja siku tatu.

Bawa la Hilda lina mamia ya skrubu, nyingi zimeshikwa na kutu. Kila kifuniko kilichofunguka, Dawn aliingiza kioo, tochi, sumaku yenye mpini mrefu, kisha kamera ndogo yenye mkia kama nyoka. Alipata kitana cha nywele. Alipata sarafu ya mwaka 1959, kalamu ya risasi, kiota cha nyigu, na nusu ya barua ya mapenzi ambayo Trevor aliisoma kwa sauti wakati wa chai mpaka akaambiwa anyamaze. Spana hakuipata.

"Nilianza kufikiri mzee ameota," anakiri. "Usiku mmoja wa Septemba nilimwambia Keith, labda naitafuta ndoto ya mtu. Akaniambia, 'Basi funga vifuniko.' Nikamwambia, siwezi. Ubao wake una wekundu tangu 1963."

Katikati ya Oktoba Janine alipiga simu. Baba yake ameanguka bafuni, amevunjika nyonga na kifundo cha mkono. Ametoka hospitali, yuko nyumbani, anagombana na kila mtu.

"Kinachomuudhi zaidi ni mkono," Janine alisema. "Hawezi kuandika, hawezi kukoroga chai. Kama ungekuwa wa kulia asingejali, lakini huo wa kushoto ndio mkono wake."

Dawn aliuliza tena. Wa kushoto?

"Tangu utotoni. Shuleni walimchapa wakashindwa."

Miezi minne Dawn alikuwa akijipanga kama Wilf kwa kusimama alipoonyesha na kunyoosha mkono wa kulia. Mtu wa mkono wa kushoto, akiwa amebanwa kwenye pembe ile, hugeuza mwili. Spana ikimponyoka, haiendi kwenye ncha ya bawa. Inateleza kuelekea kiwiliwili cha ndege.

Jumamosi tarehe 25 Oktoba ilikuwa siku ya mwisho ya msimu. Baada ya hapo injini hujazwa oili ya kuzilinda na baridi, na haziguswi hadi Aprili. Pask alikuwa ameacha tangazo bila kulifuta, kwa matumaini tu: Hilda, saa nane mchana. Saa moja na nusu asubuhi Dawn aligeuza mwili, akaingiza mkono wa kushoto hadi begani kwenye tundu ambalo hakuwahi kulijaribu upande ule, na sumaku ikanasa.

Ilibidi aikwangue kwa zaidi ya saa mbili kwenye gundi ya zamani iliyokuwa imeikumbatia. Fimbo ya mafuta ya injini namba tatu ilipita shibiri moja kutoka hapo. Aliifuta kwa tambara. Nne na moja.

Trevor alipiga yowe lililowarusha njiwa. Pask akaja mbio. Aliishika spana kama mtu anayeshika yai.

"Tuna saa nne," alisema. "Trevor na wenzake wanafunga vifuniko, wewe unakagua, saa nane unawasha. Zote nne, Dawn!"

"Wilf hajasaini."

"Mpigie simu. Mpelekee picha."

"Picha haisaini."

"Nenda kesho! Hatari imekwisha. Kilichobaki ni neno tu."

"Ndiyo," alisema Dawn. "Hilo neno."

Redcar ni saa tatu kwa gari, na hakuna mwingine Scarby mwenye ruhusa ya kuketi kwenye usukani wa Hilda. Pask alijua hilo. Aliitazama ndege, akatazama magari ya kwanza yakiingia uwanjani, akatoa pumzi. Kisha akaenda kutafuta ile kreti ya kusimamia.

Dawn aliwaachia Trevor na wenzake orodha ya vifuniko, akanawa mikono. Aliifunga spana kwenye tambara safi, akaliweka daftari kwenye kiti cha abiria na kulifunga mkanda.

Njiani alikuta barabara imefungwa akazungushwa mashambani. Alipofika, Janine alimfungulia mlango akiwa na unga mikononi. Wilf alikuwa jikoni, kwenye kiti chenye mito miwili, mkono wa kushoto kwenye plasta.

"Unafanya nini huku?" aliuliza. "Leo si siku ya kuwasha? Tabitha kaniambia, imo kwenye simu yake."

Dawn alilifungua tambara juu ya meza.

Mzee hakuigusa mara moja. Alimwomba Tabitha miwani, kisha kioo cha kukuzia. Alisoma namba. Akaigeuza, akapitisha dole gumba kwenye mdomo wa spana, mahali penye alama ndogo.

"Hapa niliiangusha sakafuni wiki ya kwanza," alisema. "Ni yenyewe."

"Basi irudishe," alisema Dawn, akamfungulia daftari.

"Nasaini kwa mkono gani sasa?"

"Wowote, bata. Nitakushikia karatasi."

Alichukua kalamu kwa mkono wa kulia. Alisaini taratibu, herufi zikipanda na kushuka kama za mtoto wa darasa la kwanza. Tabitha alisema hata daktari angeona aibu. Mzee akamwambia anyamaze, babu yake yuko kazini.

Sehemu ya tarehe alijaza. Sehemu ya saa akakwama, akamuuliza Dawn ni saa ngapi.

Dawn alitazama saa iliyo juu ya jiko. Mwezi wa Aprili atatimiza miaka sitini; mpango wake ni kuwasha injini zote nne Jumamosi ya kwanza ya msimu, na ameshawawekea Wilf, Janine na Tabitha nafasi mbele kabisa ya kamba. Lakini hayo aliyasema baadaye, kwenye chai.

"Saa nane," alimwambia. "Andika saa nane kamili."